Kwa nini watu wako wa Feri hawatembei

Swali limetoka kwa mchoraji kijana wa Mbagala. Kwa kifupi anaandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimechora soko la samaki la Feri, hapa Dar, wakati wa asubuhi, kanvasi ya sentimita 90 kwa 120, rangi za akriliki. Nilianza na bahari, pantoni na majengo, nikamaliza, ndipo nikaweka watu, wako kama 60. Nimewachora kwa uangalifu kutoka kwenye picha za simu. Mteja ameipenda bahari, ila anasema watu wamesimama kama nguzo, na mimi nimewachora wakitembea. Nikijaribu kuwachora haraka haraka wanakuwa madoa. Je, kila mtu nimkamilishe au vipi? Na hii kazi nifute nianze upya, au inaokoleka?"

Marahaba, mdogo wangu. Picha yako nimeikuza nikaikagua kipande kwa kipande. Bahari umeiweza, na lile pantoni lililolalia upande kidogo kwa uzito wa magari limechorwa na mtu anayelipanda. Mteja naye hajakuonea. Watu wako wana miguu iliyotanuka, mikono imekunjwa, hata kanga zinapepea, lakini hakuna anayekwenda mahali. Kazi inaokoleka. Nitafika huko mwishoni, maana ukishika msasa sasa hivi utawafuta hata wasio na kosa.

Kosa haliko miguuni. Lilianza pale ulipoimaliza mandhari yote, ukaridhika nayo, kisha ukaanza kuwatafutia watu mahali pa kuwaweka. Ardhi ndiyo inayowatembeza watu. Ukienda Feri tena, kwa muda acha kutazama nyuso, tazama chini. Anayetoka majini na tenga anapanda mteremko wa mchanga, kwa hiyo amejikunja mbele na hatua zake ni fupi. Anayeshuka kwenda botini mikono mitupu amejiegemeza nyuma, visigino vinatangulia. Kwenye saruji iliyolowa maji ya samaki hakuna anayethubutu hatua ndefu, wote wanakanyaga bapa, magoti yamelegea. Penye upenyo mwembamba kati ya meza watu wanageuza bega moja mbele. Kwenye majiko ya kukaangia, moshi unawasukumia upande mmoja. Wakitoka barabarani shingo zinageuka kushoto na kulia kwa ajili ya bajaji. Kwako wewe ardhi yote ni saruji moja ya kijivu, kavu, tambarare, toka ukingo wa kushoto hadi wa kulia. Juu ya ardhi ya namna hiyo hata mwanariadha hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo kabla ya mtu hata mmoja, chora njia. Chukua karatasi ndogo ya ukubwa wa kiganja, weka ukingo wa maji, paa la soko, lango la pantoni, basi. Kisha kwa mkaa vuta mikondo. Asubuhi Feri ina mikondo mitatu mikubwa: unaotoka kwenye boti kuja mnadani, unaotoka mnadani kwenda barabarani kwenye maguta na bajaji, na ule wa abiria wa pantoni la kuvukia Kigamboni, ambao samaki hawauhusu lakini unaukata huo wa pili. Mkondo mmoja unapokatana na mwingine ndipo watu wanapokwepana, mtu anasimama ghafla maji ya ndoo yanaruka, mwingine anapaza sauti apishwe njia. Hapo ndipo picha ilipo. Kwako pale pamepita watu wawili tu, na umati wote umeupeleka kwenye kona ya chini kulia, ambako hakuna lango, hakuna meza, hakuna jambo.

Mikondo ikishakaa, usiijaze sawasawa. Watu hubanana penye upenyo na hutawanyika pakipanuka, kwa hiyo kati ya kundi na kundi lazima ardhi ionekane. Pieter Bruegel, mchoraji wa Ubelgiji ya leo wa karne ya 16, ana mchoro wa mwaka 1560 ulioko Vienna unaoonyesha watoto zaidi ya 200 wakicheza michezo yao mtaani. Utafute kwenye simu. Ukiutazama utashangaa ardhi tupu ilivyo nyingi. Kila mchezo umezungushiwa nafasi yake, na kwa sababu hiyo jicho linaweza kutembea kutoka wanaorukiana migongo hadi wanaosukuma mapete bila kupotea. Angewasambaza kwa umbali uleule kama wewe ulivyofanya, tungeona muundo wa kitenge, tusingeona mtaa.

Baada ya wanaokwenda, weka waliotulia, na uwape heshima yao. Watu wako wote 60 wana hatua moja ya urefu uleule, jicho limekosa cha kulinganishia. Mkalishe mama mmoja juu ya ndoo iliyopinduliwa, beseni la vibua miguuni, anahesabu noti. Wapitishe wabebaji wawili nyuma yake. Wale wawili wataanza kuharakisha bila wewe kuwagusa. Mvuvi aliyelala juu ya nyavu, mzee anayesubiri bei ishuke, kijana anayepara magamba ameinamia meza huku mkono mmoja tu ndio unaokwenda, wote hao wanakufanyia kazi. Mimi karibu theluthi ya umati huiweka chini au huisimamisha. Wachoraji wengi wakisikia "mwendo" wanawakimbiza wote, na picha inaganda.

Halafu kuna suala la tukio. Mchina Zhang Zeduan, karne ya 12, alichora mji na mto wake juu ya hariri yenye kimo cha sentimita 25 hivi na urefu wa zaidi ya mita 5. Mamia ya watu wamo: wachuuzi, wabebaji, wapanda punda, wenye maduka. Lakini katikati kuna daraja, na chini yake chombo kinataka kupita huku mlingoti bado haujalazwa sawasawa. Mabaharia wanahangaika na miti, watu wa darajani wameinamia ukingo, wanapunga mikono, wanapiga kelele, wengine wanakuja mbio kutazama. Shida moja ya chombo kimoja imewapangia mamia ya watu wapi watazame na wapi waelekee. Kwenye kanvasi yako kuna boti inaingia upande wa kushoto, imejaa, na hakuna hata kichwa kimoja kilichogeuka. Hiyo ni bahati, maana tukio unalo tayari. Wageuzie boti hiyo watu 8 au 10: wawili wameshaingia majini hadi magotini, mmoja ananyoosha mkono kudaka kamba, wanunuzi kadhaa wamesimamisha maongezi yao, dalali amekatiza mnada anachungulia juu ya vichwa. Wengine waache na shughuli zao. Soko zima likigeuka kwa pamoja itakuwa picha ya ajali.

Sasa vimo, kwa sababu hapa ndipo nilipoona kosa linaloweza kupimwa kwa rula. Mtu wako wa mbele ana sentimita 15, na nyayo zake ziko sentimita 60 chini ya mstari wa upeo wa bahari, pale maji yanapokutana na mbingu. Mtu wako wa karibu na pantoni ana sentimita 9, na nyayo zake ziko sentimita 10 tu chini ya upeo. Wa kwanza anachukua robo ya umbali toka nyayo hadi upeo, wa pili anachukua karibu wote. Maana yake huyo wa pili ni jitu, amezidi kimo cha mwenzake mara 3 na ushee. Mtazamaji hajui hesabu hiyo lakini macho yake yanaijua, yanakataa kumwamini. Na mtu asiyeaminika kimo haaminiki mwendo.

Kanuni ni hii. Upeo wa bahari daima uko usawa wa macho ya anayetazama. Ukisimama ufukweni pale Coco Beach, vichwa vya watu wazima wote, wa karibu na wa mbali, vinagusa mstari wa bahari. Kinachobadilika ni nyayo, aliye karibu zinashuka chini sana, aliye mbali zinapanda. Jaribu Jumapili jioni utacheka jinsi vichwa vilivyojipanga. Kwa picha ya umati hiyo haifai, maana watu wa mbele watawaziba wa nyuma. Jipandishe. Si lazima upande juu ya kitu, hata Bruegel sidhani kama alikuwa na mnara kila mahali, unajipandisha kwa hesabu. Sema macho yako yako juu kwa kimo cha watu watatu, kama mita 5. Basi kila aliyesimama kwenye ardhi tambarare atakuwa theluthi ya umbali kutoka nyayo zake hadi upeo. Weka upeo sentimita 18 toka juu ya kanvasi. Mwenye nyayo sentimita 60 chini ya upeo ana kimo cha sentimita 20. Mwenye nyayo sentimita 30, kimo 10. Sentimita 12, kimo 4. Sentimita 6, kimo 2. Mtoto mkatie karibu nusu, aliyekaa vivyo hivyo. Mwenye beseni kichwani beseni linakuja juu ya kimo. Waliomo majini wako chini ya usawa wa ardhi yako, kwa hiyo wapunguze kidogo na uwazamishe panapohusika. Pale Feri upeo umezibwa na upande wa Kigamboni, lakini upo, usawa wa macho yako. Nyoosha rula mbele ya macho ikiwa imelala sawa, inapopita ndipo penyewe.

Utaniambia wachoraji wa Tingatinga hawafuati hayo na picha zao zimejaa watu na zinachangamka. Kweli kabisa. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, alipoanza hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 na rangi za kung'aa juu ya hadibodi, mara nyingi alichora mnyama mmoja au wawili juu ya rangi tupu. Waliomfuata ndio waliojaza vijiji, masoko na hospitali, watu wa juu na wa chini vimo sawa. Hilo si kosa, ni utaratibu mwingine: aliye juu kwenye ubao ndiye aliye mbali, na hakuna upeo wa kumuumbua. Unaweza kuuchagua. Ila wewe umechora bahari yenye upeo, pantoni lenye umbali, mawingu yanayopungua kadiri yanavyokwenda, halafu watu ukawawekea utaratibu wa hadibodi. Kanvasi moja, utaratibu mmoja.

Tuje kwenye mwili. Katika kila mtu tafuta kwanza uzito unaangukia wapi. Teremsha mstari wa wima toka kwenye kishimo cha koo. Ukiangukia kwenye mguu uliobeba mwili, mtu huyo amesimama, hata ukimtanua miguu namna gani. Ukiangukia mbele ya mguu huo, anakwenda. Ukiangukia mbele mno, anakimbia, au anavuta mkokoteni, au anaanguka. Nimewapima watu wako wa mbele kwa ukingo wa karatasi, takriban wote koo iko katikati ya miguu miwili. Hao wamesimama wakapanua miguu, ndiyo nguzo anazoziona mteja.

Mzigo nao unaamua mwili. Mwenye ndoo ya maji mkono wa kulia bega la kulia linashuka, kiuno kinatoka kushoto, mkono wa kushoto unaruka pembeni kutafuta mizani. Mwenye gunia begani ameinamia upande usio na gunia. Wawili waliobeba mzigo kwa mti mabegani hatua zao hazilingani, wakilinganisha mzigo unayumba, kwa hiyo mguu wa kushoto wa huyu na wa kulia wa yule. Mwenye beseni kichwani, hapa wengi wanakosea, kichwa na shingo havichezi hata kidogo. Mwendo wote umehamia kiunoni na magotini. Ukimchora mama mwenye beseni na kichwa kimeinama kama anayetafuta shilingi, umemwaga samaki wake.

Tumchukue mmoja tumkague kwa karibu, yule mbebaji anayetoka botini. Maji yanamfika mapajani. Tenga liko begani, limeegemezwa kichwani, mkono wa kulia umeshika ukingo wake kwa vidole, si kwa kiganja. Mguu wa nyuma ndio uliobeba kila kitu, umezama, goti limekunjwa. Mguu wa mbele uko ndani ya maji unapapasa mchanga, bado haujapewa uzito. Ukimchora mguu huo umekanyaga tayari, umemaliza safari yake, hana tena cha kufanya. Kifua kimeshatangulia, macho yanatazama ufukweni, hayatazami maji. Nyuma ya paja maji yameacha mkia wenye povu jembamba, mbele yamejikusanya mviringo mfupi unaong'aa. Maji ya samaki kutoka kwenye tenga yameteremka mgongoni, fulana imegandamana upande mmoja tu. Ukipata paja, mkia wa maji na mguu unaopapasa, uso hauhitajiki.

Umeona ninachagua wakati gani wa tendo. Katikati ya hatua, miguu miwili ikiwa imepitana, mtu anaonekana amesimama kwa mguu mmoja. Chukua mwanzo, uzito unapoanza kuondoka, au mwisho, kabla haujatua. Anayerusha samaki kwenye beseni mchore mkono ukiwa umevutwa nyuma kabisa, au samaki ameshaachiwa na vidole bado viko wazi. Anayemwaga ndoo, maji yawe yameshatoka lakini hayajafika chini.

Simu haichagui hivyo. Inakata popote, na mara nyingi inakata pabaya. Habari hii ni ya zamani. Mwaka 1878 huko California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera mfululizo akampiga picha farasi anayekimbia, ikadhihirika kwamba kuna nukta ambapo miguu yote minne huwa hewani ikiwa imekunjwa chini ya tumbo. Kabla ya hapo wachoraji waliwanyoosha miguu yote mbele na nyuma, kama Mfaransa Théodore Géricault alivyofanya kwenye mchoro wake wa mbio za farasi za Epsom, Uingereza, wa mwaka 1821. Farasi wa Géricault hawajawahi kuwepo duniani, na wanakimbia. Farasi wengi waliochorwa kwa kunakili picha halisi wameninginia. Kwa hiyo picha za simu zitumie kwa mambo yasiyokwenda: kamba ya nanga inafungwaje, tenga limesukwaje, namna pantoni linavyoteremsha mlango wake. Kwa mwendo chukua daftari. Mtu akipita tazama kwa sekunde chache, fumba macho, chora mistari mitatu: uti wa mgongo, mzigo, mguu wenye uzito. Vingine utavijaza nyumbani. Mwanzo kurasa zitakuwa za aibu, endelea. Afadhali video fupi kuliko picha, uitazame mara kadhaa kisha uizime ndipo uchore.

Nikiwa hapo hapo: usimwelekezee mtu kamera bila kumwomba, hasa kina mama wa kukaanga na wavuvi, wana haki ya kukukatalia. Na unajua Ikulu iko jirani, simu isielekee huko. Daftari halimtishi mtu. Watakuja wenyewe kuchungulia, wakijitambua wanacheka, wakicheka wanakuachia nafasi.

Ukirudi, chagua maji. Maji ya bahari yetu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo saa moja asubuhi ya leo si ile ya wiki ijayo. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji yakikupwa yanakupwa kweli: boti zinakaa mbali, ufukwe unakuwa mrefu, wabebaji wana safari ndefu na miili yao inaonekana nzima. Siku za maji mafu tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo. Maji yakijaa boti zinasogea, kila kitu kinabanana ukingoni. Hizo ni picha mbili tofauti. Yako ina maji ya kujaa mbele na mchanga wa kupwa nyuma ya ile boti ya bluu. Mvuvi ataliona kabla hajaona kitu kingine.

Kuhusu kumkamilisha kila mtu, jibu ni hapana, lakini na madoa pia hapana. Doa linakuwa mtu likiwa na vitu viwili: mwelekeo wa uti wa mgongo na mahali linapogusa ardhi. Ukiwa na hivyo, mpigo mmoja wa brashi bapa kwa kiwiliwili, mpigo kwa mzigo, nukta kwa kichwa, kivuli miguuni, anatembea. Ukikosa hivyo hata macho yenye kope hayatamsaidia. Kwenye kanvasi ya ukubwa wako watu wanne au watano wa mbele wanatosha kupewa vidole, mikunjo ya nguo na nyuso, tena nyuso za pembeni au zilizoinama ni bora. Wa katikati wape mwili na mzigo bila macho. Wa mbali wachore kama kundi moja lenye ukingo wa juu usio sawa, kisha toboa nafasi kati yao kwa rangi ya ardhi. Ni rahisi zaidi kutoboa nafasi kuliko kuongeza watu, na inaleta ukweli zaidi.

Mtazame Sam Ntiro, mchoraji wa Kilimanjaro, aliyesoma na kufundisha Makerere. Mchoro wake wa mwaka 1956 wa wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku uko kwenye MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa la New York. Watu wake ni wadogo, wanafanana, nyuso hakuzihangaikia. Njia na migomba ndivyo vinavyokuambia wanakwenda wapi. Hakuhitaji zaidi.

Kingo za mwili pia zina kazi. Mguu uliokanyaga uwe mkali, umeshikana na kivuli chake. Ulioko hewani ulainishe, uburuze kwa brashi karibu kavu kuelekea ulikotoka. Mgongo wa anayekimbia ulegeze, kifua kikaze. Kwa hali ya hewa ya hapa akriliki inakauka upesi, kwa hiyo weka chupa ya kupulizia maji pembeni na ulainishe mtu mmoja mmoja, usiseme utarudi baadaye. Vivuli navyo vikague: asubuhi jua linatoka upande wa baharini, vivuli ni virefu na vyote vinakwenda upande mmoja. Vyako vingine vinakwenda kulia, vingine kushoto, kwa sababu kila picha ya simu ilikuwa na saa yake. Kumbuka pia kwamba karibu saa sita mchana, mapema Machi na tena katika wiki ya pili ya Oktoba, jua la Dar liko utosini kabisa na kivuli kinajificha chini ya nyayo. Saa hizo acha kuchora umati, watu wanapoteza ardhi.

Rangi sitarefusha. Umetumia nyekundu mara nyingi mno na kila mahali. Iache kwa watu watatu au wanne walio kwenye mkondo mmoja, jicho litawafuata wenyewe. Bluu ya ndoo na maturubai inatosha kusambaa. Ngozi iliyolowa usiitie nyeupe tupu, inang'aa kwa rangi ya mbingu.

Haya, uokoaji. Bahari, pantoni na anga usiviguse. Pima watu wote kwa kanuni ya theluthi na ile ya koo, weka alama ndogo ya chaki kwa wanaofaulu. Nimehesabu kama 15 wanaoweza kubaki, wengi wakiwa upande wa kushoto. Ukianza na upeo wako ulipo sasa na macho ya mita 5, yule wa mbele kabisa atakua toka sentimita 15 hadi 20, kwa hiyo huyo utamchora upya. Wasiofaulu wapitishie msasa laini kupunguza matuta ya rangi, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha wafunike kwa rangi ya ardhi, na hapo hapo ibadilishe ardhi: mteremko wa mchanga kushoto, saruji iliyolowa katikati yenye mng'ao wa mbingu, vumbi karibu na barabara. Ikihitaji tabaka la pili, liache la kwanza likauke kabisa.

Kisha usichore mtu. Kata watu wa karatasi, vimo tofauti kwa kanuni uliyopata, wenye mizigo na waliokaa, uwabandike kwa selotepu ya karatasi isiyong'oa rangi. Wasogeze kwenye mikondo yako. Rudi nyuma hatua kadhaa utazame, wasogeze tena. Hii hatua ndiyo inayokula muda na ndiyo wanayoiruka wengi, kwa kuwa haionekani kama kuchora. Mteja akikuuliza umefikia wapi mwambie unapanga soko.

Wale wa karatasi wakishapata mahali pao, nitumie picha kabla hujafungua rangi. Ipige kivulini, kanvasi ikiwa imesimama wima na simu usawa wa katikati yake, maana ile uliyonitumia ina mng'aro wa dirisha umefunika lango lote la pantoni, na nusu ya niliyosema kuhusu pale nimeisema kwa kukisia.